Fundo la Kushoto

Hebu niambie wewe unayesikiliza: mtu akiingia katika chumba kilichofungwa kwa kufuli, asichukue hata kijiko, akaua uyoga na kwenda zake, utamwita mwizi, au utamwita nani?

Koplo Tereza alijiuliza hivyohivyo Jumatatu asubuhi, kwenye saa tatu, aliposimama mlangoni mwa chumba cha uani nyumbani kwa Bi Stara, Miyuji. Kufuli lilikuwa zima. Bawaba zilikuwa zima. Madirishani magunia yaliyoloweshwa yalining'inia kama kawaida, maana jua la Dodoma hukausha hata mate mdomoni, na uyoga hautaki ukavu. Ndani kulikuwa na rafu za mbao mpaka karibu na dari, na juu ya rafu mifuko ya nailoni iliyoshindiliwa maranda ya mkaratusi yaliyochanganywa na pumba. Wenyewe waliiita mikate. Kila mkate ulifungwa shingoni kwa uzi wa katani.

Mingi ilikuwa imekatwa shingo kwa kisu. Maranda yake yalikuwa tepetepe, na ule utando wa uyoga, ambao ukiwa hai huwa mgumu na mweupe kama nyama ya nazi, ulikuwa umelegea kama uji uliochacha. Mingine ilikuwa imeachwa bila kuguswa, hapohapo katikati ya iliyokufa.

"Ni maji ya moto," alisema Salwa. Huyu ndiye aliyeita polisi. Alikuwa mkwe wa Bi Stara, mjane wa mwanawe Nasri aliyeanguka na pikipiki barabara ya Bahi. Alikuwa bado katika eda, amejitanda kanga iliyochujuka, hana wanja wala manukato. "Uyoga wetu huu, shitake, anapenda baridi, afande. Mkate ukikomaa tunauzamisha kwenye maji ya baridi, ndipo unashtuka na kuzaa. Ya moto yanamuua."

"Mara ya mwisho kuiona mizima ni lini?"

"Jana mchana. Alasiri nilitoka kwenda hospitali, jino liliniuma mpaka sikio. Nilirudi kabla ya magharibi, nikanywa dawa nikalala. Asubuhi nakuja kulowesha magunia, nakuta hivi."

"Ufunguo?"

"Mmoja ninao mimi. Mwingine unatundikwa msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni."

Tereza alichuchumaa. Alikuwa mwanamke mpole, Mgogo wa Bahi, mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Aliona sisimizi. Walikuwa wanapanda mguu wa rafu kwa mstari na kuingia kwenye mifuko iliyokatwa. Ile mizima waliipita.

"Hawa wako humu siku zote?"

"Hawajapata kuingia. Ndiyo leo nawaona."

Tereza alitaka kuangalia mkate mmoja mzima. Akashika uzi, akauzungusha ili aufungue. Fundo likakaza zaidi. Akauacha. Sakafuni zilitapakaa nyuzi zilizokatwa, mafundo yake yakiwa bado yamefungwa. Akaokota kadhaa, akazitia katika bahasha.

"Mikate hii ilikuwa ya nini, mwanangu?"

"Kuna dada anaitwa Jenifa, ana banda la uyoga Iringa. Alisema eda ikiisha nipeleke mikate, tufanye kazi pamoja. Anataka mkulima na mikate yake. Iliyobaki haitoshi, na nimeshamwambia. Basi nimempigia kaka yangu Abdulrazaki, Ijumaa eda inakwisha, atakuja kunichukua nirudi Kondoa."

"Na kubaki hapa?"

Salwa alitazama uani, ambako Bi Stara alikuwa ameinamia vyombo. "Hapa nabaki kama nani, afande?"

Bi Stara alimkaribisha Tereza chai ya tangawizi jikoni. Ni mama wa mjini, wa watu wa kale wa Dodoma, na hata katika msiba hakuacha kumwekea mgeni kitambaa chini ya kikombe. Alimimina kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuficha ndani ya kanga.

"Shikamoo mama. Umeumia?"

"Marahaba. Ni ubuyu huo. Sukari ikichemka haina heshima kwa mtu mzima." Bi Stara alikuwa akipika ubuyu na kuufunga katika vifuko, watoto wa shule wakinunua dirishani.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kisomoni, kwa jirani yangu Tabu. Muulize."

"Na huyu mkweo anaondoka. Itakuwaje?"

Bi Stara alifuta meza pasipo na uchafu. "Itakuwaje nini? Eda ikiisha mwanamke ni wa kwao. Aliponiambia anakwenda Iringa nikamwambia Mungu akufungulie. Ningesema nini tena? Hata angekuwa wa kumzaa." Halafu akachukua vifuko viwili vya ubuyu akamtilia Tereza mfukoni. "Wapelekee watoto."

Mtu wa kwanza kutajwa na majirani alikuwa Swedi, mdogo wake marehemu. Kila mtu pale mtaani alijua kwamba Swedi alikitaka kile chumba akipangishe wanafunzi wa chuo. Alifika Jumatatu hiyohiyo mchana juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, gunia la mpunga nyuma.

"Shemeji ameniita muuaji?" aliuliza kabla hajasalimia.

"Hajakutaja. Ulilala wapi jana?"

"Bahi. Mnyororo ulikatika, nikalala kwa Mbwana mwenye mashine ya kukoboa. Mpigie sasa hivi, utamsikia anavyolalamika kwamba nimemmalizia samaki."

Tereza alipiga. Mbwana alilalamika kweli, tena kwa kirefu, kambale mmoja mmoja. Swedi alikuwa Bahi tangu Jumapili asubuhi.

"Unakitaka chumba," Tereza alimwambia alipokata simu.

"Nakitaka. Lakini Ijumaa shemeji angeondoka na takataka zake, nami ningeingia na ndoo ya rangi. Nimwage maji ya moto ya nini? Mtu anang'oa jino linalong'oka lenyewe?" Kisha sauti ikashuka. "Na mle ndani sijaingia tangu kaka afariki. Kuna kandambili zake mlangoni."

Wa pili alikuwa Gerson wa Nkuhungu. Yeye alilima uyoga wa mamama, ule unaojulikana na watu wengi, na aliwahi kusema mbele ya kadamnasi sokoni kwamba Nasri na mkewe wanafuga mbao zilizooza. Jumanne asubuhi Tereza alikwenda naye mpaka kwenye chumba, akasimama nyuma yake amtazame anavyotazama.

Gerson alivua kofia. Utani aliokuja nao ulimwishia mlangoni.

"Mtu huyu ana roho mbaya," alisema. Akazunguka rafu. "Sasa hii ya kahawia kwa nini aliimwagia? Hii si imeshaoza yenyewe?"

"Haijaoza," Salwa alisema kutoka kizingitini. "Shitake akikomaa huvaa ganda la kahawia, kama ukoko wa mkate. Mweupe bado mchanga. Wa kahawia ndio wa kuzaa."

"Wangu akiwa na rangi hiyo namtupa jalalani."

"Ndiyo maana ulitucheka."

Gerson alikuna kidevu. "Nilicheka, ndiyo. Nasri alinijibu vizuri, akasema kaka Gerson, siku ukila utaomba radhi. Sikupata nafasi." Akamgeukia Tereza. "Afande, mimi Jumapili nilikuwa kanisani, alasiri nikakaa kwenye kikao cha kwaya mpaka jioni, waulize. Lakini hata bila kikao, tumia akili. Ningekuwa mimi, ningeua ile myeupe, kwa sababu ya kahawia ningedhani imekufa. Angekuwa mtu anayemjua shitake, angeua ya kahawia, iliyo tayari. Huyu ameua nyeupe na kahawia, ameacha nyeupe na kahawia. Anachagua, lakini hachagui kwa rangi."

Ilikuwa kweli. Tereza alipita rafu moja baada ya nyingine. Mkate wa kahawia umekufa, jirani yake wa kahawia mzima. Mweupe mzima, mweupe umekufa. Mkono ulioshika kisu ulisimama mbele ya kila mkate, ukaamua.

"Salwa, mikate hii nani aliifunga?"

"Sote wawili. Tulikuwa tunakaa hapo chini jioni, yeye anashindilia yake, mimi yangu. Baada ya msiba nikaendelea peke yangu."

"Unaweza kujua upi wa nani?"

"Sikuwahi kutenganisha, afande. Ilikuwa yetu."

Mchana, kituoni, Tereza alikumbuka ubuyu mfukoni. Watoto wake walikuwa wameondoka na kifuko kimoja, kimoja kimebaki. Akashika uzi, akauzungusha kama mtu yeyote anavyozungusha. Fundo likakaza. Akaacha kumeza mate. Akauzungusha kinyume, upande wa kushoto, na fundo likalegea lenyewe, kifuko kikafunguka mezani.

Akatoa bahasha. Nyuzi za mikate iliyokufa zote zilizungushwa kulia. Akarudi Miyuji jua likiwa bado kali, akaingia chumbani na kushika shingo za mikate iliyo hai, mmoja mmoja. Yote ilizungushwa kushoto. Alikaa juu ya ndoo mle kwenye unyevu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Tabu.

"Bi Stara alikuja kisomoni?"

"Alikuja. Tumeshafika kwenye dua, tunakunja mikeka. Nikamwambia wewe leo umekuja kula pilau tu. Hakucheka."

Jumatano asubuhi, saa nne, Tereza aliwaomba Salwa na mama mkwe wake wakae naye ukumbini. Swedi alitaka kuingia, akamwambia angoje nje. Begi la Salwa lilikuwa limeshafungwa zipu, limeegemezwa ukutani.

"Nitasema niliyoyaona," alianza Tereza, "nikikosea mnisahihishe. Mlango haukuvunjwa, kwa hiyo ulifunguliwa na mtu anayejua msumari wa jikoni. Swedi alikuwa Bahi. Gerson alikuwa kwenye kwaya, viongozi wake wamethibitisha. Sisimizi waliingia kwenye mikate iliyomwagiwa maji tu. Sisimizi hafuati maranda, anafuata sukari. Maji yale yalichemshwa katika sufuria iliyopikiwa ubuyu."

Salwa aligeuza uso taratibu. Bi Stara alikuwa anautazama mkeka.

"Aliyemwaga aliacha mikate yote iliyofungwa na marehemu. Hakukosea hata mmoja; iliyo hai yote uzi wake umezungushwa kushoto, kama wa vifuko vya ubuyu wako. Salwa mwenyewe hawezi kuitenganisha. Anayeweza ni mtu anayelijua fundo lile kwa vidole. Mama, nionyeshe mkono."

Bi Stara alitoa mkono wa kushoto ndani ya kanga. Ngozi ilikuwa imevimba kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo.

"Nasri alitumia mkono wa kulia," alisema. Hakulia, wala hakukana. "Lakini alijifunza kufunga vifuko akiwa amekaa mbele yangu hivi, ananitazama mimi ninayetumia wa kushoto. Akaiga kama alivyoona. Nikamwambia baba, wewe funga kwa upande wako. Akasema upande wangu ni huo huo wako." Akautazama ule mkono. "Nilitaka kuimaliza yote. Nikakata mmoja, nikamwaga, nikakata wa pili. Wa tatu nikashika fundo. Kisu kikanishinda. Basi nikawa nashika shingo kwanza. Ukiwa wake naupita."

"Yangu unaimwagia," alisema Salwa.

"Yako ndiyo iliyokuwa inakuchukua."

Mle ukumbini kilisikika kijiko cha Swedi kikikoroga chai barazani. Tereza alifikiri juu ya kazi yake. Uharibifu wa mali ni kosa, na umri wa mtu haulifuti. Akamgeukia Salwa.

"Mlalamikaji ni wewe. Ukisema tuendelee, nitaendelea, nitamchukua mama mpaka kituoni. Ukisema tuishie hapa, nitaandika hivyo."

Salwa alikuwa anamtazama mama mkwe wake.

"Umeiua, na bado naondoka," alisema. "Ungeiacha ningekwenda Iringa, ningerudi sikukuu na kapu. Sasa Ijumaa kaka anakuja, nakwenda Kondoa mikono mitupu. Ulipata nini, mama?"

"Sikupata kitu. Nilipomaliza nilikaa pale chini nikajua sikupata kitu." Bi Stara alijaribu kukunja vidole vilivyoungua, vikakataa. "Nilisema bila mikate Jenifa hatakutaka. Zaidi ya hapo sikufika. Mzee kama mimi, akili iliishia hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mkwe hazuiwi. Wewe msichana, una maisha. Watu wangesema Stara kamfungia mtoto wa watu ndani, amtumikie. Nikaona bora nikuombee dua." Sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuombea kwa mdomo. Mkono ukafanya mengine."

Salwa alisimama. Tereza akadhani anakwenda kuchukua begi. Alikwenda jikoni, akarudi na asali katika sahani na kitambaa safi, akapiga magoti mkekani, akaushika ule mkono na kuanza kuupaka, kidole kimoja kimoja. Alikuwa bado ana hasira, na machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya asali, naye hakuyafuta.

"Siku ile nilipokuletea habari za Jenifa," alisema bila kuinua kichwa, "nilisimama pale mlangoni muda mrefu. Wewe ulikuwa unafunga ubuyu. Ukasema Mungu akufungulie, ukaendelea kufunga. Nikarudi chumbani nikampigia Jenifa, nikakubali."

"Nakumbuka," alisema Bi Stara.

"Sikuja kukuaga, mama. Nilitaka unikataze."