Viatu Vilivyoishia kwa Muganga wa Meno

Kila Jumamosi asubuhi Mukamugema alishuka ziwani kuteka maji, akarudi kwao mtaa wa Mapendo na bidoni kichwani, akafagia ua wao wa mawe meusi. Jumamosi hiyo alifanya kazi zote akiwa ameshika shavu, kwa maana gego lake lilikuwa limeoza na lilimnyima usingizi.

"Vaa robe ya kanisa," mama yake, Nyirakamana, alimwambia. "Tunaenda ku soko, nikuuzie viatu vya masomo."

Kusikia kwamba atanunuliwa viatu, Mukamugema alisahau hata jino. Njiani alichagua rangi. Walifika sokoni, wakalipita, wakakata kona, wakasimama mbele ya mlango unaonuka dawa. Ndani kulikuwa na kiti kirefu, na kando yake muganga wa meno, Mulumeoderhwa, akinawa mikono.

"Mama, ulisema tunaenda ku soko!"

"Nyamaza. Haitauma hata kidogo."

"Citoyenne, ulimueleza mutoto kila kitu?" muganga alimuuliza mama.

"Ndiyo, docteur. Anajua yote."

Alijua nini, maskini! Hakujua kwamba sindano ya ganzi huchoma kwanza, ndipo ufizi hufa ganzi. Hakujua kwamba baadaye angesikia koleo likisukuma na jino likilia ndani ya kichwa chake, bila maumivu. Sindano ilipomchoma, alimtazama mama yake. Mama aliangalia dirishani. Hilo lilimuuma Mukamugema kuliko sindano.

Jino lilipotoka, muganga alimpa pamba aing'ate, kisha akamweleza mama: mtoto ale vitu laini visivyo moto, leo asisukutue, kuanzia kesho asukutue polepole kwa maji ya chumvi. Shavu lingevimba kidogo, hilo lisiwatishe. "Lakini asivute kitu na murija. Hapana kabisa!"

Mukamugema hakusikiliza neno hata moja. Alikuwa na hasira.

Kesho yake mjomba wake, Ndagijimana, alifika kutoka Masisi na mtungi wa kinywaji kitamu cha mtama. Walikaa kuuzunguka, mrija ukapita kutoka mkono hadi mkono kama desturi yao. Kwao, kuukataa mrija ni kumkataa aliyekupa. Mjomba akampa Mukamugema.

"Usivute!" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Utaumia!"

Mukamugema alifikiri. Jana alisema haitauma, ikauma. Leo anasema itauma. Basi haitauma. Akavuta, akavuta tena kwa nguvu, macho yake yakiwa kwa mama yake.

Haikuchukua muda mrefu. Maumivu mabaya kuliko yale ya mwanzo yalitoka kwenye shimo la jino yakapanda hadi sikioni, na mdomo ukaanza kunuka. Alilia akiwa ameelekea ukutani. Mama yake alipomgusa bega, aliusukuma mkono wake.

Safari hii hakuna aliyetaja soko. Muganga alimulika mdomoni, akatikisa kichwa.

"Damu inagandaka ndani ya shimo, inakuwa kifuniko. Ukivuta na murija, kifuniko kinatoka, mufupa unabaki wazi. Hawakukuambia?"

"Mama aliniambia."

"Na juu ya nini haukumusikia?"

"Juu anadanganyaka. Alisema tunaenda kuuza viatu. Alisema haitauma."

Nyirakamana aliinamisha kichwa. "Ni kweli, docteur. Niliogopa atakimbia."

"Angekimbia, mama, na ungemukamata. Sasa ona, neno la kweli amelikataa juu ya bongo, ule uongo wa kwanza. Ukimudanganya mutoto kwa jambo dogo, siku ya jambo kubwa hatakuamini. Na mimi nilikosa, nilipashwa kumuuliza yeye mwenyewe." Akamgeukia Mukamugema. "Nitaosha shimo na kutia dawa. Itauma kidogo, kisha itatulia. Ikizidi, inua mukono, nitaacha."

Maji yalipogusa tu, Mukamugema aliinua mkono. Hayakuwa yameuma sana. Alitaka kuona.

Muganga aliacha papo hapo. Akarudi nyuma, akangoja, mikono yake mbali na mdomo wa mtoto. Mukamugema alimwangalia kwa muda, kisha akafungua mdomo mwenyewe.

Waliporudi, maumivu yakiwa yamepungua, walifika tena kwenye kona ya soko. Mukamugema alisimama. Mama yake naye akasimama.

"Viatu hatuuzi leo, mwanangu," Nyirakamana alisema, na sasa alimtazama usoni. "Hata siku ile havikukuwako. Nilisema vile ili utoke ku nyumba. Unisamehe."

Maneno hayo yaliuma, tena sana, kwa maana alikuwa ameshachagua rangi. Lakini yalikuwa ya kweli. Mukamugema alifuta machozi, akaushika mkono wa mama yake, wakaenda nyumbani.