Uso wa Mama Yangu Ulipigwa Msasa

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na mmoja, naishi Malangali hapa Sumbawanga. Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya mbao vilivyochakaa: milango, vigoda, sanamu za kanisani. Baba ndiye aliyenifundisha. Wengi hudhani fundi ni mume wangu Gaspari, na yeye hajawahi kuwasahihisha... Nilivumilia miaka yote, mjinga mimi!

Mama alifariki nikiwa na miaka miwili. Hakuacha hata picha moja. Lakini baba, enzi za ujana wake, alichonga sanamu ya Bikira Maria kwa mti wa mkuyu, akaipa uso wa mama. Kabla kanisa la kigango cha kijijini kwetu halijajengwa, sanamu ilitunzwa jikoni kwa bibi, darini juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi, ili moshi uwafukuze bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Ndiyo maana ilikuwa nyeusi tii. Baba alipopofuka, kila Jumapili baada ya ibada alipelekwa mbele, akaupapasa ule uso kwa vidole. Nami nilimjua mama kwa njia hiyohiyo.

Kanisani hakuna moshi. Bungua wakaingia, sanamu ikaanza kumwaga unga miguuni. Mwaka juzi, kabla ya ziara ya askofu, nikapewa niitengeneze nyumbani. Niliipiga dawa kwa sindano, tundu kwa tundu, kisha nikaziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mkuyu. Wiki tatu! Ikabaki kukauka tu.

Nikaenda kumsaidia baba kuvuna ulezi. Kabla ya kuondoka nilimwambia Gaspari: "Baba Neema, usiiguse. Ule weusi si uchafu." Akacheka, akasema yeye si mtoto.

Niliporudi, sanamu ilikuwa inang'aa kama kabati la dukani. Alikuwa ameipiga msasa mpaka mti ukawa mweupe, akapaka vanishi. Masizi yalikuwa yameshikana na mbao iliyoliwa, kwa hiyo yalipotoka, yalitoka na pua, kope na mashavu. Nilikaa sakafuni nikalia. Gaspari akasema tangazo la kanisani lilitaka sanamu "isafishwe", sasa imesafishwa, tatizo liko wapi? Baadaye ndipo nikajua kwamba alikuwa ameshamwambia mwenyekiti wa kigango kuwa kazi yote ni yake, ili apewe kutengeneza mabenchi mapya.

Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza! Niliogopa ndoa yangu isije ikasemwa kijijini. Siku ya ziara Gaspari akaitwa mbele, akapigiwa makofi, nami nikapiga.

Kisha nikamshika baba mkono, nikampeleka kwenye sanamu. Alipapasa paji la uso, akashuka taratibu, akarudi juu, akaanza upya. Akaniuliza kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, nimemletea nani. Nikamjibu ni yuleyule, ila nta imezidi kidogo. Namdanganya kuhusu nta mtu aliyenifundisha kuiyeyusha nikiwa na miaka tisa! Aliomba arudishwe kwenye benchi, na tangu siku hiyo hakwenda tena mbele.

Mvua zilipoanza, akaugua. Mchana mmoja, nikimnywesha uji, aliniuliza kama naukumbuka uso wa mama. Nikasema ndiyo.

"Nieleze, mwanangu," akasema. "Mimi unanipotea."

Nikaanza kutunga, maana tangu siku ile ya msasa nami nilikuwa nauona ule uso mweupe tu... Macho hivi, mashavu hivi. Alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani, akasema, "Huyo si yeye."

Wiki hiyohiyo tukamzika.

Gaspari alipata mabenchi yake. Nampikia, namfulia, lakini moyoni nimeshamhama siku nyingi. Hata hivyo, yeye aliharibu mti tu. Aliyemdanganya baba mbele ya altare ni mimi, na kwa ajili ya nini? Ili watu wasiseme?

Wanawake wenzangu, kazi ya mikono yenu msiache ibebe jina la mtu mwingine eti kulinda amani ya nyumba. Na kitu cha mzazi kikiharibika mikononi mwenu, mwambieni akiwa hai, hata kama atawafukuza. Siku ile vidole vya baba vilikuwa bado vinaukumbuka uso wa mama. Ningemwambia ukweli, angeniongoza kwa mkono wake nami nikashika patasi, na uso ule ungerudi.