Chungu cha Moto cha Yunusi

Asubuhi moja ya zama za Mdachi, Mwaisha alikuwa uani kwake Matombo akimwogesha mwanawe Asia. Kaka yake Yunusi alichutama kando, akimchekesha mtoto huku akifukia makaa kwenye majivu ya chungu. Nanyi ndugu zangu mnajua, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye ngao yake.

Wapagazi waliopeleka mizigo kwenye machimbo ya ulanga, yale mawe ya kumeta yanayobanduka kama karatasi, hawakupanda mlima bila mtu wa moto. Mtu huyo alikuwa Yunusi, naye hakubebeshwa mzigo. Alibeba chungu cha makaa tu, maana baridi ya Julai kule juu, na manyunyu yake, huua.

Mnyapara wao alikuwa Hatibu, mume wa Mwaisha. Alipewa bakshishi kwa kila mzigo uliofika, na tamaa ilikuwa imemkaa rohoni.

"Shemeji, weka chungu chini. Leo utabeba gunia la chumvi."

"Na moto?"

"Kiberiti ninacho. Au umezoea kazi za jikoni?"

Wapagazi wakacheka.

"Baba Asia," Mwaisha akasema polepole, "kule hata kuni zimelowa. Mwachie chungu chake."

"Wewe ogesha mtoto."

Wakaondoka. Mchana kutwa mlima ulijifunika ukungu. Kila safari, jioni, moto wa wapagazi ulionekana kwenye pango la juu. Jioni ile wingu lilipasuka kidogo, pango likaonekana jeusi. Mwaisha alimwachia jirani mtoto, akachochea makaa ya chungu kilekile, akapanda na wanaume wawili wa jirani.

Walifika kulipopambazuka. Wapagazi walikuwa wamebanana kama kuku, meno yakigongana. Hatibu alikuwa bado anakwangua njiti zilizolowa. Yunusi alikaa mlangoni, amezuia upepo kwa mgongo wake.

"Kaka, moto huu."

Hakuitika. Vidole vyake havikufunguka.

Wengine waliota moto, wakapona. Kwenye msiba wa Yunusi, wazee wa ukoo walimwuliza Hatibu neno moja: "Asia sasa atasimamiwa na nani?" Mtoto alikuwa akitambaa, akikitafuta chungu.

Funzo

Tamaa haimli mwenye nayo peke yake. Huanza na wanaomwamini. Wewe unayeongoza wenzako, usiwapunguzie kinga ili uongeze faida. Na mke akikuonya, sikiliza kabla hamjaondoka.