Haya Chini ya Pezi

Mkuzaji alikuwa akitapika ndege. Hapakuwa na neno jingine la kuieleza kazi ile, na Kibibi Mshangama, aliyealikwa kwa heshima zote kuja kuitazama, alijiziba pua kwa ncha ya mtandio. Mdomo wa mtambo ule, mpana kama mlango wa ghala, ulichuruza ute wa kijivu uliojikunja, ukaganda, ukawa bawa. Ute ulikuwa hai. Ulikua kwa kufuata umbo la kielelezo kidogo kilichowekwa kwenye sinia la kioo, ukakizidisha mara thelathini na mbili, na kila alama iliyokuwa juu yake, hata mkwaruzo wa ukucha, ilizama ndani ya mwili wa ndege isifutike tena. Karakana nzima ya wanamaji wa Shirikisho ilinuka shombo.

"Siku tatu tu, bibie," alisema Kamanda Msellem, mkuu wa karakana. "Zamani wahandisi mia mbili walikaa miaka kumi. Tumewarudisha wote makwao."

Kibibi akasonya kimoyomoyo.

Kielelezo kilikuwa chake. Yeye alikuwa fundi wa ndege za lau, yaani ndege ambazo hazikuwahi kuwepo, zinazochongwa kwa mkono na kuwekwa rafuni ili mtu ajiulize: lau ingekuwa hivi, je? Hii aliiita Mkizi. Ilikuwa ndege ya kivita ya meli isiyo na uwanja, inayosimama wima sitahani juu ya mkia wa mapezi manne, ikaruka kutoka hapo na kurudi kutua kwa mkia huohuo. Miezi saba aliisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Wanamaji waliiona kwenye maonyesho, wakaiomba iwe ya makumbusho. Akawapa, mjinga wa watu, tena kwa furaha.

Sasa aliuzunguka mkia wa ndege kubwa, na chini ya pezi la kushoto akakutana na mwandiko wake mwenyewe, kila herufi shubiri nzima: HAYA. Na mshale.

Akainama, akaufuata mshale kwa macho.

Mafundi wa lau wana desturi yao. Kwa kuwa ndege zao ni uongo, hawapendi uongo huo ukose haya. Basi kila kielelezo hutiwa kasoro moja ya makusudi, na pembeni yake huandikwa "haya" na kuchorwa mshale, ili fundi mwenzako akiiona acheke. Haya ya Mkizi ilikuwa bawaba ya pezi la kushoto. Aliifunga kinyume. Angani isingesumbua, lakini ndege ikijiinua isimame itue, mapezi matatu yangevuta na hili moja lingesukuma, nayo ingepinduka.

"Kamanda, bawaba hii mmeiacha hivi hivi?"

"Mkuzaji aliitilia shaka," alisema Msellem kwa fahari. "Ana akili huyu. Akiona jambo la ajabu hutafuta maandishi ya fundi. Akakuta umeandika haya. Yaani sawa, endelea. Akaendelea."

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na tatu za mwanzo?"

Kamanda akaitazama saa yake. "Kosa la rubani."

"Zote tatu?"

Aliyejibu ni Luteni Mwinyikai, rubani aliyesimama kando na kofia yake kwapani, ambaye angeirusha hii ya nne mbele ya wageni.

"Zilipinduka chali zikitua, mama," alisema taratibu. "Makame Foum. Sudi Bakari. Tatu Mngazija. Mama yake Tatu aliambiwa binti yake alikuwa mzembe."

Kinyaa kilichompanda Kibibi hakikuwa cha shombo tena. Kwanza kilikuwa cha mkono wake mwenyewe, uliochora mzaha ule. Kisha kikamgeukia Kamanda, mwanamume huyu aliyepigwa pasi mpaka kola, aliyezika watu watatu na kuwapaka matope. Akamweleza maana ya haya ya mafundi, neno kwa neno.

Msellem alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha sauti. "Basi tengeneza bawaba, tukuze nyingine, wageni watangoja siku tatu. Yaliyopita tusiyafukue. Hata wewe hutapenda jina lako litajwe. Haya?"

Alilitamka neno lilelile, na midomo yake wala haikutetemeka. Kibibi nusura atapike miguuni pake.

"Nipe kielelezo changu," alisema.

Aliigeuza bawaba kwa koleo dogo, kazi ya robo saa. Kisha akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akaanza kuandika chini ya pezi, herufi za kadiri ya punje ya ulezi.

"Unaandika nini tena?" aliuliza Kamanda, akichungulia kwa mbali.

"Maelezo ya fundi."

"Vizuri. Mkuzaji anapenda maelezo."

Mwinyikai aliinama, akasoma, akasimama wima, akavaa kofia yake na kutoka haraka.

Siku ya nne Mkuzaji alitapika Mkizi ya tano mbele ya wageni, wote wamekunja nyuso kwa shombo. Ute ulipoganda, chini ya pezi kukatokea herufi nyeupe ndefu kama vidole: Makame Foum, Sudi Bakari, Tatu Mngazija. Hawakukosea. Bawaba ilikuwa mbovu, niliifunga mimi, Kibibi Mshangama, na Kamanda Msellem anajua.

Kamanda aliamuru maandishi yafutwe. Mabaharia wawili walisugua kwa msasa wakitokwa jasho, na kila walipochimba walikuta weupe umeingia ndani zaidi. Kwenye kiti cha mbele, kando ya Kibibi, mama yake Tatu, aliyeletwa na Mwinyikai, alikuwa ameshasoma.