Kofia ya Nahodha wa Nyota ya Tisa

Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Kapteni alifungua chumba chake cha nyuma, akawasha taa, akapiga ukelele uliomtoa mkewe jikoni na mwiko mkononi. Kabati la kioo lilikuwa mahali pake. Kioo kizima, kufuli imefungwa. Ndani kulikuwa na kitambaa cheusi chenye alama ya duara pale kofia ilipokuwa ikikaa. Kofia yenyewe haikuwapo.

Saa moja na nusu simu ya Fundi wa kufuli ililia. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua kibanda chake.

"Kofia yangu iko wapi?"

"Habari za asubuhi, Kapteni."

"Usiniletee habari za asubuhi! Kufuli ya kabati umetengeneza wewe. Kitasa cha mlango umeweka wewe. Funguo ninazo shingoni, nimelala nazo. Nani mwingine anaingia na kutoka bila kuvunja kitu? Shetani?"

"Mimi sina nakala ya funguo zako."

"Ndivyo mnavyosema nyote. Saa nane mchana mthamini wa makumbusho anakuja kuiangalia. Isipokuwapo saa hiyo, naenda polisi, na jina la kwanza ni lako."

Simu ikakatwa. Kabla Fundi hajameza mate, ikalia tena. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani.

"Fundi, zile funguo za akiba tulizokuachia, naomba uzirudishe leo."

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Hakuna kitu. Tumeamua tu."

Mshonaji akiitwa mwizi, wateja watapima vitambaa vyao na kesho watarudi. Fundi wa kufuli akiitwa mwizi ameisha. Hakuna anayempa ufunguo wa nyumba mtu asiyemwamini. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na maneno ya asubuhi moja yalikuwa yameanza kuitafuna. Akafunga kibanda alichokuwa ameshakifungua nusu.

Kapteni mwenyewe hakuwahi kuongoza hata mtumbwi. Kazi yake ni kushona mapazia. Jina alilipata akiwa na miaka kumi, filamu ya Nyota ya Tisa ilipokuja katika sinema ya mjini. Aliitazama mara kumi na moja kwa wiki mbili, kwa kuwa mwonyeshaji filamu, Mzee Mashine, alikuwa akimwachia mlango wa pembeni. Wenzake walitaka kuwa madereva. Yeye alitaka kuwa Nahodha, yule anayebaki peke yake kwenye sayari ili wenzake wapate hewa ya kutosha kurudi nyumbani. Imepita miaka arobaini na mmoja, sinema imegeuzwa ghala la magodoro, na bado Nahodha akifika pale anapovua kofia, Kapteni pua humwasha. Chumba cha nyuma kilijaa mapenzi hayo: bango lenye mikunjo, vishina vya tiketi alivyookota sakafuni, bastola ya plastiki iliyopoteza kifyatulio. Na kofia, ambayo Nahodha aliivaa ndani ya filamu. Mzee Mashine ndiye aliyempa. Mkewe husema yeye akiugua hupewa kidonge, lakini kofia ikipata vumbi, nyumba nzima hailali.

Saa mbili na robo Fundi alipiga magoti mbele ya kabati. Kapteni alisimama juu ya kichwa chake kama askari jela.

Kufuli haikuguswa. Mafuta aliyoitia mwezi uliopita yalikuwa na vumbi jembamba juu ya tundu, bila mkwaruzo. Akahamia kwenye bawaba. Zilikuwa nje, kwa sababu Kapteni hakutaka chuma kionekane ndani. Fundi alikuwa na tabia moja aliyorithi kwa aliyemfundisha kazi: kila skrubu anayoikaza huimalizia mpasuo wa kichwa ukiwa wima. Ukirudi ukaukuta umelala, jua mkono mwingine umepita. Skrubu zilikuwa nane. Saba zilikuwa zimelala ovyo.

"Tazama. Hakufungua kufuli. Alitoa bawaba, akauondoa mlango mzima, kisha akarudisha."

"Au umezigeuza wewe sasa hivi."

"Umenisimamia tangu niingie! Kapteni, mwenye ufunguo hahangaiki na skrubu. Na asiye na ufunguo wa kabati hana wa chumba. Dirisha lina nondo. Jana chumba kilikuwa wazi saa ngapi?"

Kapteni akapoa kidogo. Jana ilikuwa siku yao. Kila mwaka, tarehe ile filamu ilipofika mjini, Mzee Mashine huleta mashine yake na nakala aliyobaki nayo sinema ilipofungwa, wakaitazama sebuleni.

"Saa kumi alasiri tuliingia wote kuiona kofia. Kisha tukaenda kutazama, mlango nikauacha wazi. Saa kumi na mbili wageni wakaondoka, nikaufunga. Sikuwasha taa."

"Basi iliibwa filamu ikiendelea. Nani alikuwapo?"

"Mke wangu. Muuza Dawa, mpenzi mwenzangu wa filamu. Mzee Mashine, lakini huyo yuko kwenye mashine yake, filamu ina mikanda mitano. Na uani..." Kapteni akatoa macho. "Vumbi!"

Vumbi alikuwa mdogo wa mkewe, kijana mzima wa pikipiki, aliyekuwa akikitamani chumba kile apate pa kulala badala ya sebuleni. Walimkuta uani amelala chini ya pikipiki yake.

"Kofia? Mimi nitaivaa wapi, mwezini?"

"Jana mchana kutwa ulishika bisibisi," Kapteni akasema.

"Shemeji, pikipiki haitengenezwi kwa kijiko."

Fundi akaumwaga mfuko wa vifaa vya Vumbi. Bisibisi zote zilikuwa za nyota. Skrubu za bawaba zina mpasuo mmoja, na bisibisi ya nyota ingeteleza na kuzitafuna vichwa. Vichwa vilikuwa safi. Aliitaka sana iwe Vumbi. Haikuwa Vumbi.

"Nilikuwa namwona dirishani," mke wa Kapteni akasema kutoka jikoni. "Aliitukana pikipiki hiyo saa mbili nzima. Hata sanduku la Mzee halikuondoka, kwa kuwa mbebaji ndiye huyo. Liko sebuleni linanizibia njia."

"Na wewe, shemeji, ulikuwa jikoni muda wote?" Fundi akauliza.

"Nakwenda na kurudi. Mkanda ukiisha taa inawaka, wananyoosha miguu, Mzee anafunga mwingine, mimi namimina chai. Kila mapumziko chupa moja. Jana nilitayarisha kama kawaida, chupa nzima ikabaki. Sukari yote ile nimeimwaga!"

Saa nne Fundi alikuwa dukani kwa Muuza Dawa. Kabla hajasema neno, mwenye duka aliokota rundo la funguo zake juu ya meza akalitia mfukoni. Fundi aliona.

"Wanasema ni wewe," Muuza Dawa akasema.

"Wanasema. Wewe ulitaka kuinunua kofia ile, si kweli?"

"Mara tatu. Nusura anipige na cherehani."

"Jana uliinuka wakati wa filamu?"

"Tumbo. Dakika nane. Nauza dawa ya tumbo na naumwa tumbo. Haya, cheka."

Fundi hakucheka. Kutoa skrubu nane na kuzirudisha bila kelele ni dakika ishirini, labda ishirini na tano kwa mkono unaotetemeka. "Ulipopita, ulimwona Mzee Mashine?"

"Giza lile? Niliisikia mashine tu, trrrr. Mzee haachi mashine. Filamu ikikwama mbele ya taa inaungua. Na kila dakika ishirini mkanda unaisha, lazima awepo." Akalegeza uso kidogo. "Lakini jana ilikuwa tamu, wallahi. Sijui kwa nini. Ilitiririka kama maji."

Fundi alitoka. Alipita ghala la magodoro, akapita kituo cha polisi bila kukitazama, na alipofika kwenye kona akasimama ghafla, mwenye baiskeli akamtukana. Hakumsikia. Alikuwa anahesabu vidole. Mikanda mitano. Mapumziko manne. Chupa nne za chai.

Saa saba kasoro alirudi kwa Kapteni. Sebuleni, sanduku kubwa la bati la Mzee Mashine lilikuwa karibu na mlango, na kufuli kubwa juu yake. Fundi alimwambia Kapteni anachofikiri. Kapteni aliligeukia sanduku.

"Lifungue," akasema. "Wewe ni fundi. Lifungue!"

"Silifungui. Leo watu wanaficha funguo wakiniona, nawe unataka nifungue sanduku la mtu bila idhini yake? Mwenyewe aje alifungue."

Hakungoja sana. Saa saba na dakika ishirini Mzee Mashine alifika akihema, na mkokoteni wa kuazima nyuma yake. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Nimekuja kuchukua vyombo vyangu," akasema. "Nimesikia mna msiba wa kofia. Poleni."

"Shikamoo, Mzee," Fundi akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Swali moja tu. Jana ulisimamisha mashine mara ngapi?"

"Mara nne. Mikanda mitano, vituo vinne. Maisha yangu yote ni hivyo."

Fundi akamgeukia mke wa Kapteni. "Shemeji, ulimimina chai mara ngapi?"

Yule mama akafungua mdomo, akaufunga, akahesabu kwa vidole. "Tatu."

"Labda ulisahau, binti yangu," Mzee akasema.

"Nimesahau kumimina, chupa ikajijaza yenyewe?"

Hakuna aliyecheka.

"Mikanda miwili uliiunganisha kwako," Fundi akasema. "Ukaja nayo imefungwa kwenye gurudumu moja kubwa. Ukapata dakika arobaini mashine ikijiendesha. Muuza Dawa anatazama mbele, Kapteni analia, mlio wa mashine unafunika kila kitu. Uliiacha filamu ambayo hujawahi kuiacha, Mzee. Kosa lako ni chai. Mwonyeshaji hanywi chai karibu na filamu, kwa hiyo hujawahi kuihesabu."

"Mzee," Kapteni akasema, "mwambie anadanganya."

Mzee Mashine alitia mkono mfukoni. Ufunguo uligonga kufuli mara mbili kabla ya kuingia. Chini ya makopo ya filamu, ndani ya blanketi, mlikuwa na kofia ya fedha na pembe zake mbili za kunasia mawimbi. Alimpa Kapteni kwa mikono miwili.

"Igeuze. Ng'oa kile kitambaa cha ndani."

"Sijawahi kukigusa."

"Najua. Kwa sababu nilikukataza."

Kapteni aling'oa. Chini yake kulikuwa na chapa ya kiwanda na picha ndogo ya pikipiki. Vumbi alinyoosha shingo, akataka kusema kitu, dada yake akamfinya.

"Kampuni ya filamu ilileta kofia moja kuipamba sinema," Mzee akasema. "Wiki ya pili wakaja kuichukua. Wewe ulikuja siku iliyofuata ukakuta pengo, ukalia mpaka ukatapika. Nikachukua helmeti yangu kuukuu, nikakata kopo la filamu nikatengeneza pembe, nikapaka rangi ya fedha. Nikakudanganya kuwa aliivaa Nahodha. Nilidhani utaichezea mwezi mmoja ivunjike, yaishe. Wewe ukaijengea kabati. Kila mwaka nilisema nitakwambia. Kila mwaka unalia pale pale, nanyamaza. Uliposema mthamini anakuja, nikaona nitakuua. Afadhali iibwe kuliko mtu wa mjini akucheke nyumbani kwako."

Kidole cha Kapteni kilikuwa kinaipapasa ile chapa.

"Na mimi?" Fundi akauliza. "Ulidhani atashikwa nani?"

"Sikuwaza. Nilidhani watasema ni mwizi wa kupita."

"Kufuli nzima, kioo kizima, na mwizi wa kupita?"

Mzee akainamisha kichwa. "Niliwaza," akasema polepole. "Nikakimbia nisiwaze tena."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Kapteni aliinuka, akaifunika kofia kwa blanketi.

"Sikilizeni. Tutasema imepatikana. Ilianguka nyuma ya kabati. Mthamini nitamwambia sitaki tena kuithaminisha. Yameisha."

"Yameisha kwako," Fundi akasema. "Ukisema imepatikana, watu watasema nimeogopa polisi nikairudisha. Uliwaambia wangapi?"

"Watatu. Mwalimu mkuu, Muuza Dawa, na msimamizi wa yale majengo unayofanyia kazi."

"Wapigie. Uwaambie nani aliichukua, na kwa nini."

"Nikiwaambia kwa nini, nitakuwa nimewaambia kwamba miaka arobaini na mmoja nimeiangukia helmeti ya pikipiki."

"Ndiyo."

Nje gari lilisimama. Mke wa Kapteni alitoka kwenda kumpokea mgeni, akaufunga mlango nyuma yake. Kapteni aliichukua simu. Alimtazama Mzee Mashine, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake, machozi yakimtiririka. Kisha akabonyeza.

"Mwalimu? Ni mimi. Nilikosea asubuhi. Fundi hakuiba. Aliyeichukua ni Mzee Mashine... Hapana, si kwa kuuza. Aliitengeneza yeye. Ni ya bandia, Mwalimu... Ya pikipiki... Ndiyo, cheka tu. Lakini funguo zako mwachie Fundi."

Akapiga ya pili. Muuza Dawa alisikika hadi mlangoni akiuliza: "Ya nini?" Kapteni akarudia, kwa sauti kubwa zaidi: "Ya pikipiki!" Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akaweka simu mezani, akamgeukia Fundi.

"Umenisamehe, ndugu yangu?"

"Bado," Fundi akasema. "Piga ya tatu."