Kitufe cha Haraka

Kila alfajiri baada ya sala, Ruweyda alimsomea babake, Mzee Dagane, simu kabla ya kwenda shule. Alikuwa Gredi ya Saba, na katika boma lao nje ya Garissa ni yeye tu aliyejua kusoma. Zamani Mzee Dagane hakuhamisha mbuzi bila kumtuma mtu atangulie kuangalia maji, kazi iitwayo sahan. Siku hizi sahan yake ilikuwa simu na binti wa miaka kumi na miwili.

Programu ya simu iliyoonyesha hali ya visima ilikuwa na vitufe viwili. Haraka kilisoma nakala iliyowekwa kwenye kompyuta ya Garissa mjini. Mpya kiliuliza kumbukumbu kuu ya Nairobi, ambako taarifa hufika kwanza, na mtandao ukiwa dhaifu kilizunguka hata dakika kumi. Shangazi yake Saynab, aliyeiunda programu hiyo, alimwonya mapema: "Nakala huchelewa. Mkitaka kuhama, bonyeza Mpya."

Jumatatu hiyo Ruweyda alikuwa amechelewa. Alibonyeza Mpya, kikazunguka weee. Akakata, akabonyeza Haraka.

"Kisima cha Garas kinasemaje?" babake akauliza.

"Pampu inafanya kazi, aabo."

"Ndiyo habari ya leo hiyo?"

"Ndiyo," akajibu, tayari amebeba mkoba.

Garas ni mwendo wa siku mbili. Pampu ilikuwa imeharibika tangu Jumapili. Mzee Dagane na mwanawe Mursal walikuta vumbi tupu kwenye birika la kunyweshea mifugo. Mbuzi thelathini na mmoja walikufa wakirudi, na Mursal, ambaye alimwachia babake maji yake ya mwisho, alifikishwa hospitali kwa pikipiki akiwa hajitambui.

Siku ya pili wodini, Mzee Dagane alimgeukia Saynab kwa hasira. "Simu yako ilitudanganya! Karibu iniulie mtoto."

Saynab aliinamisha kichwa. Ruweyda aliona aibu. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa shangazi.

"Simu haina kosa, aabo," akasema akilia. "Eddo Saynab aliniambia ningoje. Sikungoja. Nilisoma nakala, nikakwambia ni habari ya leo."

"Mimi pia nina kosa," Saynab akasema. "Nakala ilionyesha hali ya pampu bila kutaja siku. Kuanzia leo kila jibu litatamka umri wake kwa Kisomali, ulisikie mwenyewe, kaka."

Mursal akafumbua macho, akalamba midomo iliyopasuka. "Alhamdulillahi," Mzee Dagane akanong'ona. Kisha akamtazama bintiye.

"Ungeniambia 'bado sijui', ningekaa chini ningoje hata siku nzima. Sijawahi kumgombeza mtu kwa kutojua. Lakini niliwapeleka wanyama na mwanangu kwa kutegemea ulichokisema. Usiwahi kumpa mtu habari ya jana ukimwambia ni ya leo."

Akamkabidhi kikombe.

"Mpe kakako maji. Kidogo kidogo."