Pikipiki Isiyodai Mafuta

Alhamisi jioni, saa kumi na moja, Dafroza alifunga madumu mawili matupu nyuma ya pikipiki yake, akatoka Makutano kwenda kuchukua maziwa huko juu, upande wa Butiama. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kila siku kwa miezi mitano. Wafugaji wanakamua, yeye anapita nyumba kwa nyumba, anajaza madumu, anayateremsha hadi kituo cha kikundi cha akina mama pale Makutano. Alfajiri gari linakuja kuyapeleka Musoma mjini. Lita arobaini, na hazikuwahi kuharibika njiani hata siku moja.

Sasa arobaini hazikutosha tena.

Mama Euphrasia, mwenyekiti wa kikundi, alimweleza kwa upole kabisa. Wafugaji wameongezeka. Kuanzia Jumatatu, njia ile atapewa mtu anayeweza kubeba lita themanini kwa safari moja. Fredi, kijana wa kijiweni, tayari alikuwa na pikipiki kubwa, ya injini ya sisi mia na hamsini. Dafroza alikuwa na ya mia moja, nyekundu, ambayo rangi yake ilikuwa imeanza kubabuka. Njia ile ndiyo ilikuwa ikimlisha yeye, bibi yake na wadogo zake wawili. Hakuwa na nyingine.

Pale kijiweni walikuwa wakimtania tangu asubuhi. Fredi alisema hako kapikipiki kananguruma kama mashine ya kunyolea. Mwingine akasema ukikaongezea dumu la tatu kanapiga magoti. Dafroza alicheka nao, lakini alipoondoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Burito, fundi wa pikipiki, akamuuliza kama ni wakati wa kuhamia kubwa.

Burito hakuinua macho kwenye kazi yake. "Umeanguka mara ngapi?"

"Sijaangukaga, kaka."

"Basi bado. Ndogo ikikukosea inakuchubua goti. Kubwa haifundishi mtu. Inataka mtu aliyekwisha kufundishwa."

Halafu akalegeza kidogo, kwa kuwa alimpenda kama mdogo wake. Akamwambia kama ameshikilia sana, asiamue kwa maneno ya kijiweni. Aazime ya mtu, abebe mzigo kamili, apande nayo kilima cha Kwitende. Mwili wake wenyewe utamwambia.

Maneno hayo Dafroza alikwenda nayo njia nzima.

Alipomaliza kujaza madumu yake jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawe makubwa. Aligeuza. Chini ya kilima cha Kwitende barabara inapita kwenye bonde lenye mihogo, pasipo na nyumba hata moja. Hapo akamkuta mwanamke mtu mzima amesimama pembeni, kitenge cheusi kichwani, madumu mawili miguuni.

Yamejaa.

"Shikamoo, mama."

Mwanamke hakuitikia shikamoo. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kwamba amesikia wanahitaji themanini.

Dafroza alitazama huku na huku. Hakuona nyumba, hakuona zizi, hakusikia ng'ombe. Alifungua kifuniko akanusa, maana ndivyo kazi ilivyo. Yalikuwa maziwa, ya vuguvugu, mazito, yenye harufu ya samli iliyoungua. Akajiambia labda ni kibuyu kilichofukizwa sana. Wazee wengine huku wanafukizaga mpaka maziwa yanakuwa na ladha ya moshi. Na pamoja na yake, mbele yake kulikuwa na lita themanini siku ya Alhamisi, kabla Jumatatu haijafika.

Akayafunga. Mawili kushoto, mawili kulia.

Pikipiki ilipanda kidogo, ikalia, ikapanda tena. Gia ya pili ikashindwa. Ya kwanza ikashindwa. Katikati ya kilima injini ilizima, magurudumu yakaanza kurudi nyuma, na Dafroza alishika breki zote mbili huku mguu wake ukitafuta jiwe la kukanyaga. Alisimama hapo. Ukimya ukamzunguka.

"Ya kwako ni ndogo, mwanangu."

Sauti ilitokea juu.

Mwanamke yule yule alikuwa amesimama hatua kumi mbele yake, upande wa kileleni. Dafroza alikuwa amemwacha bondeni. Mwanamke hakuwa amempita njiani. Alijiambia pengine kuna njia ya mkato kwenye mihogo... pengine.

Pembeni ya mwanamke ilikuwepo pikipiki.

Nyeusi. Kubwa kuliko ya Fredi, kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuiona kijiweni. Haikuwa na namba wala vioo vya pembeni. Mbele ilikuwa imeinuka juu, nyuma imeshuka chini, kama kitu kilichochuchumaa.

"Panda yangu," mwanamke alinong'ona. "Yako niachie hapa."

Kwa watu wa pikipiki hilo si jambo la ajabu. Mtu anayetaka kuhama anaazimwa ya mwenzake, anaacha ya kwake na ufunguo ndani, anazunguka, anarudi. Hakuna anayeandikishana. Burito mwenyewe alikuwa amemwambia aazime. Hivyo Dafroza aliuliza jambo moja tu, ambalo kila mwendeshaji angeuliza: ina mafuta?

"Haidai mafuta. Inajitafutiaga."

"Na nikifika nikuletee wapi, mama?"

"Iache tu. Inajua kurudi."

Dafroza alicheka kidogo, akidhani ni utani wa mtu mzima. Mwanamke hakucheka. Alimsaidia kuhamisha madumu, na mikono yake ilikuwa myepesi kupita umri wake. Dumu la lita ishirini alilishika kwa vidole viwili.

Hapakuwa na kiki ya kuwashia, wala mahali pa ufunguo. Dafroza alipokaa tu, ikatikisika chini yake, kama kitu kinachosimama.

Ikaondoka.

Lazima isemwe kweli: ilikuwa raha. Kilima chote kilipita kama uwanja tambarare. Madumu manne hayakuwa na uzito. Upepo ulimpiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile Dafroza hakuhesabu gia, hakusikiliza injini ikilalamika. Alijiona akifika kituoni na themanini, Mama Euphrasia akishangaa, Fredi akihesabu madumu. Alivuta mafuta zaidi. Ikaitikia. Akasema moyoni kwamba Burito ni mwoga tu, amekaa na spana mpaka amesahau barabara.

Halafu akagundua kwamba mkono wake wa mafuta haukuwa kwenye usukani.

Ulikuwa pajani. Alikuwa ameushusha ajikune, na pikipiki ilikuwa ikienda vilevile.

Akaushika usukani kwa nguvu. Ulikuwa na joto. Tenki lilikuwa na joto pia, si la injini, la mwili. Lilipanda na kushuka katikati ya magoti yake. Polepole... kama pumzi.

Taa iliyomulika mbele haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya njano, ikiyumbayumba, yenye moshi. Na ile harufu ya samli iliyoungua sasa ilichanganyika na nyingine, ya ngozi mbichi iliyosahauliwa juani.

Alipita nyumba za kwanza. Kila siku mbwa wa nyumba zile walimkimbiza wakibweka mpaka mwisho wa shamba. Jioni ile walijikunja chini ya maghala, mikia katikati ya miguu, bila sauti.

Dafroza akakanyaga breki.

Hakuna kitu.

Akakanyaga tena, akabana na ya mkono. Ilikuwa kama kubana mfupa. Pikipiki ikaacha barabara ya Makutano, ikaingia kushoto, kwenye njia ya miguu. Taa ikazima yenyewe. Haikunguruma tena. Ilinyata.

Mbele, katikati ya migomba, aliona moto.

Aliujua ule mji, boma la familia moja. Walikuwa wamezika mchana ule, mwanamume mmoja mzee, na watu walikuwa wamekaa chini ya turubai wakiimba nyimbo za kanisani taratibu. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, gizani, udongo ukiwa bado laini, msalaba wa mti umesimikwa kichwani.

Pikipiki ilizunguka mbali na moto. Ilijua njia. Ilikuwa ikielekea kaburini.

Ndipo Dafroza alipokumbuka yale yanayosemwa huku tangu zamani, kwamba wachawi wana mnyama wao wa kupanda, kwamba wanamfuga kama ng'ombe, wanamkamua, wanampanda jioni kwenda penye msiba. Siku zote alikuwa akiwaza mnyama. Hakuwahi kuwaza juu ya yule aliyekaa mgongoni.

Sasa aliyekaa mgongoni alikuwa yeye.

Mtu yeyote akigeuza tochi atamwona. Watamwona juu ya kile kitu, karibu na kaburi la mchana uleule, na hakuna mtu wa Mara anayehitaji kuelezwa watamfanya nini. Na wasipomwona? Itafika. Itafanya ilichokuja kufanya naye akiwa juu yake. Kesho atakuwa nani?

Kutoka kwenye ekzosi kukatoka sauti. Fupi. Ya juu. Kama mtu anayecheka akiwa amefunga mdomo.

Dafroza hakujua kuanguka. Aliachia mikono yote miwili, akafumba macho, akajitupa.

Jiwe lilimpokea begani. Madumu yalipasuka kwa kishindo, na nyimbo zikakatika.

Watu walikuja na tochi na fimbo. Walimkuta binti amelala kwenye maziwa, hatua nne kutoka kaburini. Kijana mmoja akauliza huyu anatafuta nini hapa. Mwingine akasema mwulizeni amefikaje. Sauti zikaanza kupanda. Dafroza alitaka kusema pikipiki, lakini pikipiki haikuwepo. Mbwa wa mji ule alisogea hadi ukingo wa maziwa, akanusa, akarudi nyuma bila kulamba.

Mzee Stanislausi, mdogo wake marehemu, alipita mbele ya vijana. Alimulika tochi yake chini, upande ambao Dafroza alitokea. Akaitazama ile ardhi kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama ardhi.

Kisha akakanyaga. Akafuta nyayo zenye kucha kwa kiatu, taratibu, hatua moja, na nyingine, na nyingine, mpaka kwenye migomba.

"Ni mtoto wa maziwa," aliwaambia. "Amepotea njia, pikipiki imemtupa barabarani. Rudini motoni."

Walipoondoka aliinama karibu na sikio lake.

"Umeona uso wa mwenye mnyama?"

"Ndiyo, babu."

"Na yeye ameuona wako?"

Dafroza aliitikia kwa kichwa. Mzee akafanya ishara ya msalaba, akamfikisha kwao.

Asubuhi Dafroza na Burito walikwenda Kwitende. Pikipiki nyekundu ilikuwa palepale katikati ya kilima, ufunguo ndani. Haikuibwa, haikuguswa, ila kiti kilikuwa kimepakwa samli. Burito aliiangalia bila kuisogelea. Hakumcheka wala hakumkaripia. Alikata majani, akafuta kiti, akayachoma majani hapohapo, akaisukuma kwa miguu hadi Makutano bila kuipanda.

Kwenye karakana yake aliifungua yote. Tenki, magurudumu, mnyororo, injini. Kila kipande akakiosha kwa petroli, akakipanga juu ya gunia. Alisema hata kama ni upuuzi, hatairudisha barabarani mpaka ameiosha ndani na nje.

Dafroza alimpigia Mama Euphrasia. Hakumweleza yote, angeanzia wapi? Alisema ameanguka, maziwa yamemwagika, bega limevimba, na njia ile sasa apewe Fredi. Alilia aliposema hivyo. Mama Euphrasia alimpa pole, akamwambia Fredi ana safari ya Bunda leo, ataanza kesho. Leo wafugaji wapike chai kwa maziwa yao wenyewe. Apumzike, watazungumza akipona.

Basi ilikuwa imekwisha. Amepoteza njia, amebaki na uhai wake na jina lake. Mchana kutwa alikaa karakanani kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa khanga, akimpa Burito spana kwa mkono mzima. Alijisikia mwepesi. Alimwambia Burito sasa ameanguka mara moja. Burito akatabasamu, akasema basi tumeanza kusoma.

Saa moja jioni simu iliita.

Alikuwa Mama Euphrasia, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Wewe mtoto wewe. Asubuhi unanililia, kumbe unanitengenezea mshangao?"

"Mama?"

"Maziwa yako ni mazito, sijawahi kuona. Madumu yote manne nimeshayamimina pamoja na ya wenzako. Ila siku nyingine ukishusha mzigo usiondoke kimya hivyo. Nimekuita jina lako, umegeuka ukanitazama tu."

Dafroza aliangalia chini. Injini yake ilikuwa juu ya gunia, vipande vipande. Burito alikuwa ameacha kufuta.

"Haya, nisikuchoshe," alisema Mama Euphrasia. "Hongera, mwanangu. Naona umehamia kubwa."